Kabati la vitabu lilivyomwangukia mwanangu, na jinsi tulivyokuja kulifunga ukutani

Nimechelewa kuandika hii kwa sababu kila nikianza naishia njiani, mikono inatetemeka. Ila wiki iliyopita nimeenda kumtembelea shoga yangu hapa hapa Tabora, Kiloleni, nikakuta ana kabati refu kuliko letu limesimama tu sebuleni na mtoto anatambaa pembeni yake, nikamwambia shoga hapa tutaongea mpaka jioni. Alivyonisikiliza nikaona basi niandike na wengine wasome.

Kabati letu la vitabu ni la baba mkwe. Alikuwa mwalimu, kastaafu, vitabu vyake akampa mume wangu pamoja na kabati lenyewe, mninga mtupu, urefu futi 7, upana futi 4, kina inchi 10 tu. Mbao ya mninga wa huku kwetu mnaijua, nzito, nyekundu, mchwa wenyewe hawaigusi kirahisi. Watu wanne ndio walilibeba siku tunahamia Isevya, hapa hapa Tabora. Na hilo ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza, la kichwani kabla ya mkononi: kila aliyeingia sebuleni alisema hili kabati zito, hili halianguki hata mkisukuma, na sisi tukaamini. Uzito peke yake hauzuii kitu kuanguka, ila unaongeza maumivu kikishaanguka. Kitu kirefu futi 7 kilichokaa kwenye kina cha inchi 10 kikiinama kidogo tu mbele habari yake imekwisha.

Kosa la pili lilionekana kama akili. Sakafu ya ile nyumba ilikuwa ya saruji na imejengwa ikiteremka kidogo kuelekea mlangoni ili ukideki maji yatoke nje. Mimi nadeki kila siku, nikawa naogopa maji yataharibu kabati la watu, nikamwita fundi seremala wa jirani akatupigia vipande vinne vya mbao chini kama miguu, urefu wa inchi 2 hivi. Vilikuwa vya paini. Sikuuliza. Sasa maji ya kudeki yanaelekea mbele, kwa hiyo miguu ya mbele ndiyo iliyokuwa inalowa kila asubuhi, na mbao laini iliyolowa kwa mchwa wa Tabora ni sherehe. Walianza kula kwa ndani, nje unaona mbao nzima kumbe ni ganda.

Kosa la tatu la kwangu kabisa. Wakati mtoto wa pili anaanza kutembea alikuwa anachana vitabu vya chini, nikavihamishia juu, yale madude makubwa ya kamusi na ensaiklopidia yote nikayapanga rafu mbili za juu, chini nikaacha tupu, nikaweka daftari za kaka yake na midoli. Yani nililifanya kabati liwe na kichwa kizito na tumbo tupu. Na juu kabisa nikaweka kopo la matobolwa. Wasiojua matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikakaushwa juani, huku watoto wanavitafuna kama pipi, na nikiacha chini vinaisha siku moja. Kwa hiyo nilichokuwa nimefanya ni kuweka kitu ambacho mtoto anakitaka kuliko vyote juu ya kitu kilicho tayari kuanguka, halafu rafu tupu za chini zikawa ngazi.

Mume wangu hakukaa kimya lakini. Mwezi kama wa tatu tangu tuhamie aliona kabati linacheza kidogo ukiligusa, akachukua misumari miwili ya inchi 4 akapigilia ubavu wa juu kwenda ukutani kwa mshazari. Likatulia kabisa. Akaniambia mama watoto hapa sasa hata lije tetemeko. Tukalala usingizi.

Ndugu zangu hapa naomba mnisikilize vizuri, ile misumari ndiyo iliyotuponza. Kabla ya misumari kabati likicheza tulikuwa tunaogopa, tulikuwa tunawafukuza watoto pale. Baada ya misumari tukaacha kuogopa. Kumbe huku chini miguu ya mbele inaendelea kuliwa, kabati linazidi kuegemea mbele, na kilichokuwa kimelishika ni misumari miwili iliyoingia kwenye lipu ya ukuta. Miezi minane tulikaa hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili saa kumi jioni. Mimi niko uani nafua, baba yao kalala, kaka mtu yuko nje anacheza. Binti alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Nilisikia kwanza kishindo kama cha gunia linatupwa, halafu vitabu vinaporomoka, halafu kimya. Kile kimya sitakisahau. Nimekimbia na mapovu mkononi, naingia nakuta kabati limelala mshazari, kichwa chake kimeegemea ukingo wa meza ya chakula, na chini ya meza katikati ya vitabu naona kamguu. Sikuweza kulia, nilikuwa nasema tu jina lake. Ndipo akalia. Kulia kwake ndiko kulikonirudishia akili.

Ile meza ndiyo iliyomwokoa, na meza hatukuiweka pale kwa kumlinda, iliwekwa pale kwa sababu sebule ni ndogo. Mungu tu. Tulimtoa, mkono wa kushoto umepinda chini ya kiwiko, juu ya nyusi pamechanika damu inatoka. Tukachukua bajaji mpaka hospitali, picha ikaonyesha mfupa wa mkono umevunjika, akashonwa nyuzi tatu, akafungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, wiki tano. Nilikuwa namwangalia usiku anatafuta namna ya kulala na lile hogo nikawa nahesabu, meza ingekuwa nusu mita kulia.

Kwa mkono uliovunjika watu watakushauri uende kwa wanaovuta mifupa kwanza. Mimi mama yangu alinipigia simu akashauri hivyo hivyo na nilimheshimu ila nilimwambia mama naomba kwanza picha tuone ndani kuna nini. Na akiwa amepigwa kichwani usimwangalie usoni tu ukasema mzima, tuliambiwa tumwangalie siku nzima na usiku wake, kama anatapika, kama analala usingizi usio wa kawaida, kama analegea tumrudishe haraka. Hakutapika, alhamdulillah.

Usiku ule ule nikiwa silali ndipo nikaanza kusoma kwenye simu. Nikakuta kumbe wenzetu hili jambo limewaliza sana. Marekani mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliyaondoa sokoni makabati ya droo kama milioni 29 baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa, waliokwisha kununua wakaambiwa wachague kurudishiwa hela au kupewa vifaa vya kufungia ukutani bure. Mwaka 2022 wakapitisha na sheria kabisa kuhusu makabati ya nguo yasipinduke kirahisi. Nilikaa kitandani nikawaza, kule kabati likiuzwa linakuja na vyuma vyake vya kufungia ndani ya boksi. Sisi kabati linatoka kwa fundi barabarani likiwa limepigwa msasa na vanishi safi, tunalibeba kwa mkokoteni, tunasimamisha, basi. Hakuna aliyewahi kuniambia kabati linafungwa ukutani, na baba mkwe kaishi nalo miaka zaidi ya thelathini, ila yeye lilikaa kwenye sakafu iliyonyooka, vitabu vizito chini, na bila mtoto mdogo.

Kesho yake mume wangu alitaka kulipasua kuni. Alikuwa na hasira na alikuwa anajilaumu kwa ile misumari, nilimwona anaizungusha mkononi, imetoka mizima haijapinda hata kidogo, imekuja na bonge la lipu kama sahani. Nikamwambia tusilipasue, tulifunge sawasawa, kwa sababu tukilipasua bado kuna kabati la vyombo, bado kuna la nguo, bado kuna tivi juu ya kistuli, tutapasua nyumba nzima?

Sasa kufunga. Tulianza kwa kukosea tena.

Fundi wa kwanza kijana, mchangamfu, akaja na drili akatoboa matundu manne, akaingiza fisha za plastiki, vile vidude vya tunduni vinavyoshika skrubu, akafunga engo nyepesi za bati, vile vyuma vya kona, na skrubu. Elfu 20 na vifaa. Mume wangu akamwambia subiri kwanza nijaribu, akashika sehemu ya juu akavuta kama mtu anayening'inia. Fisha mbili zikatoka kama jino bovu. Fundi akasema atatumia kubwa zaidi, akatoboa tena kubwa, skrubu ikawa inazunguka tu haikazi. Akasema ukuta wenu mbovu akaondoka na hela yake, na kwa kweli kuhusu ukuta alikuwa sahihi.

Tukamwita mzee mmoja fundi ujenzi, amejenga nyumba nyingi Isevya na Ng'ambo. Huyu hakuja na drili. Alikuja akagonga ukuta kwa kidole kilichokunjwa, kuanzia chini mpaka alipofika mkono, anasikiliza. Akaniita, mwanangu njoo usikie hapa, na hapa. Pengine panalia ngo ngo pengine panalia gu. Panapolia wazi lipu imeachana na tofali. Halafu akaomba msumari akachimba kidogo kwenye matundu ya fundi wa kwanza akanionyesha vumbi kiganjani. Vumbi la kijivu ni saruji ya lipu, hilo unalipata mwanzo tu, unene wa kidole. Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma, hapo unashika japo sio sana. Vumbi la kahawia laini kama unga ni udongo, kwa sababu nyumba nyingi huku zimejengwa tofali za kuchoma zikapangwa kwa udongo, saruji imepakwa nje tu. Ukitoboa ukaangukia kwenye kiungo kati ya tofali na tofali, fisha yako iko kwenye udongo mkavu, hata mtoto anaitoa. Matatu kati ya matundu manne yalikuwa kwenye udongo, na misumari yetu ya inchi 4 yote miwili ilikuwa kwenye udongo.

Nilimuuliza sasa baba tufanyeje, tuhame? Akaangalia juu ya mlango akasema nyumba hii ina linta. Hiki ndicho kitu ambacho natamani kila mtu akijue. Ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kwenye nyumba nyingi unazunguka kuta zote, una nondo ndani, na unaanzia kama futi 7 kutoka sakafuni, yani pale pale kabati refu linapoishia. Huna haja ya kupigana na tofali, panda kwenye zege.

Akatuchorea kwenye daftari la mtoto. Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea akatukatia vipande viwili vya chuma cha engo, kila kimoja inchi 10, akavitoboa matundu mawili juu mawili chini na kuvisaga ncha zisikate mtu. Kila kipande kinasimama wima pembeni ya kabati kwa nyuma, nusu ya chini inashika ubavu wa kabati, nusu ya juu inapita juu ya kabati na kushika linta. Kwenye ubavu hakutumia skrubu, alitoboa mbao moja kwa moja akapitisha bolti na washa na nati ndani. Mninga ukiulazimishia skrubu bila kutoboa kwanza ama skrubu inakatika ama mbao inapasuka. Na asifunge mtu kwenye ile hadibodi ya mgongoni, ile ni karatasi tu imejipamba, ukivuta inabaki na skrubu yake ukutani kabati linakuja mbele. Shikilia kwenye ubavu au fremu.

Kwenye linta alitumia zile bolti za chuma zinazotanuka ndani ya zege ukizikaza, biti ya milimita 10 na drili ya kugonga. Tundu la pili lilikutana na nondo, drili ikawa inapiga kelele nyingine kabisa haiendi, hakulazimisha, akasogeza engo kidogo akatoboa pengine. Akapuliza vumbi lote ndani ya tundu kwa pampu ya baiskeli kabla ya kuingiza bolti kwa sababu bolti ikikaa kwenye vumbi haishiki. Alivaa miwani, na watoto walikuwa kwa jirani.

Umeme pia. Nyaya zinashuka ndani ya ukuta wima kutoka juu kuja kwenye swichi na soketi, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya swichi. Sisi tulikuwa na soketi karibu, mzee akagoma kabisa, akasema zimeni meni swichi. Sasa drili itatumia nini? Tukaomba jirani tukavuta ekstensheni kutoka kwake. Jirani alikataa hela ya umeme, nikampelekea asali nusu lita.

Kabla ya kufunga lakini alirekebisha chini. Ile miguu ya paini tuliing'oa, ya mbele ikavunjika mkononi kama biskuti imejaa udongo wa mchwa. Akakaa kwenye sakafu na pima maji yake, akakata kabari za mninga akaziweka mbele mpaka kabati likawa linaegemea ukuta kidogo sana, sio wima kabisa. Usitumie karatasi wala boksi lililokunjwa, linakandamizika na mchwa wanalipenda. Kabari ikikaa na kabati likiwa limeegemea nyuma, zile bolti hazibebi kabati, zinasubiri tu siku ya mtoto kupanda. Sisi mwanzo misumari ilikuwa inabeba kabati usiku na mchana.

Tulipomaliza mume wangu alivuta tena, likiwa tupu, kwa nguvu zake zote mguu mmoja kaukanyagia ukutani. Halikutikisika. Akakaa chini akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya fundi. Mzee akamwacha, akaenda nje kunawa mikono.

Ruhusa ya mwenye nyumba tuliomba, tumepanga sisi. Nilimpigia nikamweleza kilichompata mtoto, nikamwambia tutatoboa matundu manne kwenye linta na tukihama tutayaziba kwa saruji na kupaka rangi. Alikubali pale pale na akaja mwenyewe kuangalia. Wengi mnaogopa wenye nyumba kuliko mnavyoogopa kabati, pigeni simu tu.

Kwa wenye nyumba zisizo na linta, wifi yangu yuko Sikonge kijijini nyumba yake ni ya tofali mbichi, kule hata fisha usithubutu. Yule mzee alituelekeza, mume wangu akaenda akatoboa ukuta mpaka upande wa pili, akaweka ubao mpana huku na ubao mpana kule, bolti ndefu zikapita katikati, ukuta ukawa umebanwa kama mkate, halafu kabati la vyombo likafungwa kwenye ubao. Huu ni mwezi wa saba tangu lifungwe.

Vitabu nimevipanga upya. Nilipeleka vya rafu moja ya ensaiklopidia kwa muuza duka akanipimia, kilo 27, na zilikuwa mbili zimekaa juu kabisa. Sasa ziko chini kabisa, zimebanana hata mtoto hawezi kuchomoa. Juu ya kabati hakuna kitu chochote, wala rimoti, wala kopo, wala doli. Tivi tumeifunga pia, ile flati ina matundu yake mgongoni, na kabati la nguo la watoto lenye droo limefungwa kwa sababu mtoto akivuta droo tatu kwa pamoja lina tabia ile ile.

Gharama, kwa wanaopiga hesabu. Fundi wa kwanza elfu 20 iliyopotea. Vipande viwili vya engo vya fundi wa kuchomelea elfu 14. Bolti zote na washa elfu 9. Mzee alitaka elfu 15 tukampa 25. Hospitali na dawa na bajaji za kwenda na kurudi mpaka hogo linatolewa ilifika laki moja na elfu 60 na kitu, na siku tisa za kazi mume wangu hakwenda.

Mkono umeunga vizuri, anabeba kila kitu nao, ila ukimvua nguo unaona umepinda kidogo sana. Miezi mitatu ya mwanzo alikuwa hapiti upande ule wa sebule, anazunguka nyuma ya kochi. Sikumlazimisha. Kopo la matobolwa siku hizi liko kwenye kistuli cha jikoni, chini, anachukua mwenyewe, na yakiisha yameisha.